Orodha ya ubani ishushwe kwenye grupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma wasomaji wenzangu wakibishana kama simu zimeua undugu au zimeufufua. Mmoja analalamika kwamba vijana hawasalimii tena, mwingine anajibu kwamba bila simu mama yake kijijini angelala njaa. Wote wawili wanaizungumzia simu kana kwamba ilishuka na mvua, ikatukuta tumekaa, ikatufanya ilivyotaka. Mimi maisha yangu ya kazi nimeyamalizia nyuma ya kaunta: kwanza dirishani posta, nikiuza stempu na kulipa hawala, na tangu nistaafu, kwenye kibanda changu cha wakala wa pesa za simu hapa Muheza, karibu na stendi. Vilevile ni katibu wa chama chetu cha kuzikana hapa mtaani, na hicho ndicho kilichonishikisha kalamu. Nataka kusema habari ya ile orodha ya ubani, yaani hela za rambirambi, yenye majina na viwango, inayobandikwa kwenye grupu la WhatsApp kila usiku wa msiba. Naomba ishushwe.

Nianzie mbali kidogo, maana mambo haya hayakuanza na WhatsApp.

Enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994, habari ya kifo ilikuja kwa simu ya maandishi, na simu ile ililipiwa kwa hesabu ya maneno. Mtu alikuja dirishani na fomu aliyoijaza salamu za ukoo mzima, nasi tukamsaidia kukata mpaka yabaki matatu: BABA KAFARIKI NJOO. Bei ndiyo iliyotufundisha kukata maneno, hilo silikatai. Lakini mtambo haukusema kwamba wenyewe ni wa misiba tu. Hilo waliliamua watu. Simu ya maandishi ingeweza kumpongeza aliyefaulu mtihani, na wachache waliitumia hivyo, ila wengi waliona hasara kutoa hela yote ile kwa jambo la furaha. Ikawa tarishi akikata kona na bahasha yake, wanawake wanaanza kulia haijafunguliwa. Kuna mama alilia mpaka akashikiliwa, kumbe mwanawe alikuwa akimwarifu kwamba amepata kazi bandarini.

Hela nayo ilikuwa na safari yake. Hawala ya posta ilikuwa ya uhakika lakini haina haraka, na ilitaka kitambulisho ambacho bibi wa Bwembwera hakuwa nacho. Kwa hiyo wenye haraka walimpa kondakta wa basi bahasha, wakataja jina la mpokeaji, basi. Zilipoingia vocha za kukwangua, watu wakabuni jingine: aliyeko Dar es Salaam ananunua vocha, anamsomea namba aliyeko huku, naye anaiuza dukani kwa bei pungufu kidogo, anapata ya unga. Hakuna kampuni iliyomfundisha mtu hilo. Lilifanyika hapa kwetu, na watafiti waliliona pia Uganda, Ghana na Botswana mwanzoni mwa miaka ya 2000.

M-Pesa yenyewe ina hadithi ya namna hiyohiyo. Ilijaribiwa Kenya kuanzia mwaka 2005, Nairobi na Thika, ikiwa na mawakala wachache na wateja wapatao 500. Sehemu ya fedha za kuianzisha ilitoka serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo iitwayo Faulu walipe marejesho yao kwa simu badala ya kubeba hela kwenda kwenye kikao. Wakapewa simu, wakafundishwa. Haukupita muda wakawa wanatumiana wao kwa wao: huyu anamlipa mwenzake deni, yule anamtumia mkewe kijijini. Waliobuni wakaona ni heri wawafuate wateja. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, habari ya marejesho iliwekwa kando na tangazo likawa la kutuma pesa nyumbani. Huku kwetu iliingia mwaka uliofuata.

Nani basi alimtengeneza mwenzake? Mimi naona walitengenezana, na mpaka leo kazi haijaisha.

Chukueni jambo dogo la ya kutolea. Kampuni zilipanga kwamba anayetoa hela ndiye akatwe ada ya kutoa. Ni hesabu ya kawaida ya biashara, haina ubaya. Sisi tukaona aibu: utamtumiaje mama yako elfu ishirini, naye afike kwa wakala apokee pungufu? Tukaanza kujumlisha, na leo mtu asiyetuma na ya kutolea anasemwa ukweni. Utaratibu huo haukupitishwa na Benki Kuu wala na mhandisi yeyote. Umetoka kwenye heshima zetu, na kila siku naushuhudia kibandani, kijana anaandika kiasi, anasita, anafuta, anaongeza.

Au tozo ya miamala, ile ya serikali kwenye pesa za simu. Ilipoanza Julai 2021, kiwango chake cha juu kilikuwa shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya makato ya kampuni. Foleni ya hapa kwangu ilikatika. Floti, yaani hela yangu ya kufanyia miamala, ilikaa mpaka nikawa naitazama tu. Makondakta wakarudia bahasha zao, na mmoja akanitania kwamba posta ya zamani imefufuka. Watu wakapiga kelele nchi nzima, Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na bajeti ya 2023/24 ikaiondoa kwenye kutuma. Nawakumbusha hili wale wanaoniambia, "Shangazi, ndiyo dunia ya teknolojia, hatuna la kufanya."

Sasa nije msibani.

Miaka ya tisini, mtu akifa mtaani kwetu, wanawake walijigawa bila kamati. Mwenye pipa alilitoa, mwenye sufuria la shughuli alilitoa, kuni zilitoka kwa aliyeangusha mti, nazi kwa mwenye minazi. Wengine walikuja na kibaba cha mchele kwenye ncha ya khanga, wengine na mikono tu: kuchota maji, kukuna nazi, kusugua masufuria. Wanaume walikwenda kuchimba kaburi, kisha wakakaa jamvini. Hela nayo ilikuwapo. Iliwekwa meza ndogo nje, kijana mmoja na kaunta buku, anaandika jina na kiasi. Kwa hiyo orodha si jambo geni, na sitaki niambiwe naisingizia simu.

Ila daftari lile lilikuwa na mwenyewe. Matanga yakianuliwa, lilifungwa likawekwa kabatini kwa mfiwa. Alilifungua siku aliyempa ubani naye anapofiwa, atazame alipewa nini, arudishe. Jirani wa nyumba ya tatu hakujua kwamba wewe ulitoa mia tano. Hata aliyekuona ukiinama mezani hakujua umeweka nini.

Tulipofungua grupu la chama, nia ilikuwa njema, na mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Walio mbali wangepata habari papo hapo. Binti zetu wanaofanya kazi za ndani Muscat, ambao zamani wangesikia kifo cha mjomba baada ya arobaini, sasa wanasikia kabla maiti haijaoshwa, na wengine ndio wanaonunua sanda. Nimemwona mmoja akishuhudia maziko ya mama yake kupitia simu iliyoshikwa juu ya vichwa vya watu. Hilo silidharau hata kidogo, na asiyewahi kuwa na mtoto ughaibuni asilifanyie mzaha.

Kisha mweka hazina akaanza kubandika orodha. Inakuja saa mbili usiku. Namba moja, fulani, elfu hamsini, alama ya kijani. Namba mbili, fulani, elfu thelathini, alama ya kijani. Chini kabisa wapo wenye "ahadi", na chini yao wapo wenye majina matupu yasiyo na kitu mbele. Asubuhi inarudiwa, imeongezwa. Yupo mtu aliyeanza kuipanga kwa ukubwa wa kiasi, sijui nani alimtuma, na sasa makundi yote ya mtaani yanaipanga hivyo.

Msiba mmoja mwaka jana, mama muuza vitumbua alinijia kibandani jioni, kabla ya saa mbili. Alikuwa na elfu mbili. Akaniomba nimwongezee ifike elfu kumi, atanilipa kwa wiki.

"Marehemu mlikuwa karibu?" nikamuuliza.

"Hapana, dada, lakini siwezi kukaa na elfu mbili chini ya wifi yangu. Watasoma wote."

Nikampa. Elfu nane ile haikumlilia marehemu wala haikumfariji mfiwa. Ilikuwa ada ya kuepuka kusomwa. Wiki ile watoto wake walikula nini, Mwenyezi Mungu anajua.

Wapo na ambao hawajui kama wanasomwa. Bibi jirani yangu anatumia kiswaswadu. Hakuna WhatsApp mle. Kwenye msiba huohuo alichota maji bombani kuanzia alfajiri, siku zote za matanga, na wageni walipoondoka alibaki akisugua masufuria na mchanga. Kwenye orodha jina lake lilikuwa tupu. Kijana wa Dar es Salaam, ambaye hakuja kuzika wala kuhani, alikuwa wa tatu kutoka juu, na watu wakampigia makofi ya vidole. Sina ugomvi na kijana yule, alituma alichoweza na wafiwa walikihitaji. Ugomvi wangu ni na orodha isiyojua kuhesabu ndoo za maji.

Hapa ndipo panaponikosesha usingizi kuliko hata aibu ya elfu mbili. Hela zikija kwa wingi na kwa haraka, zinatafuta kazi ya kufanya. Zinakodi turubai, viti vya plastiki, spika, na mwishoni zinakodi mpishi anayekuja na vijana wake na vyombo vyake. Wanawake wa mtaa wanafika, wanakuta hakuna cha kushika. Wanakaa kwenye viti, wanahudumiwa pilau kama wageni wa harusi. Na mtu akishafanywa mgeni kwenye msiba wa jirani yake, amebakiwa na kitu kimoja tu cha kutoa, hela, arudi nacho kwenye orodha. Fedha imeifukuza mikono, na kwa kuwa mikono haipo, msiba unahitaji fedha zaidi kuliko jana. Viwango vinapanda, mama wa vitumbua anakopa. Katika mzunguko huo sijaona mahali ambapo simu ilituamuru. Simu ilileta wepesi wa kutuma. Kubandika, kupanga kwa ukubwa, kukodi mpishi, hayo yote tumekaa vikao tukayakubali, au tumeyanyamazia, ambako ni kulekule.

Kuna na suala la ukubwa. Mwaka 2022 wenye WhatsApp waliongeza idadi ya watu wanaoweza kuwa grupu moja kutoka 256 hadi 512, na kabla mwaka haujaisha wakaipeleka 1,024. Sidhani kama huko California waliwaza habari ya vyama vya kuzikana vya Muheza. Lakini sisi tulifurahi, tukaingiza kila aliyewahi kupita mtaani, na waliosoma nao, na wakwe zao. Chama kilipokuwa cha watu wanaoonana sokoni, kila mmoja alijua hali ya mwenzake. Ukisikia fulani katoa elfu moja, ulijua machungwa yake yameozea shambani msimu huu, na elfu moja ile ukaiona kubwa. Sasa wanaosoma orodha ni mamia, hawamjui, hawayajui machungwa yake. Wanaona tarakimu tu.

Nikiyasema haya kwenye vikao najibiwa kwa neno moja: uwazi. Wanasema orodha inamzuia mweka hazina kula hela. Hoja hii ni nzito na siipuuzi, maana hela za misiba zimeliwa, na walioliwa wapo hai. Lakini tazameni vizuri orodha inathibitisha nini. Inaonyesha kilichoandikwa na mweka hazina, basi. Kama kuna cha kufichwa, atakificha kwenye matumizi, ambako hakuna anayebandika lolote. Nimeshaona orodha ya waliotoa ikiwekwa kila usiku kwa wino wa rangi tatu, na hesabu ya mchele na nyama haijaonekana mpaka leo. Kila muamala una namba ya kumbukumbu na ujumbe unaobaki kwa aliyetuma. Laini ya chama inaweza kutolewa taarifa ya miamala yote. Wazee watatu wakikaa nayo pamoja na daftari na risiti za matumizi, mweka hazina mwizi atajulikana kwa nusu saa, na mama wa vitumbua hatakuwa ameguswa.

Tena uwazi huu wetu unawanufaisha wengine. Orodha hizi huwa na majina kamili, na juu yake imeandikwa namba ya kutumia ubani. Katika msiba mmoja mtu aliunakili ujumbe wote ulivyo, akabadilisha namba peke yake, akautuma kwenye makundi mengine ya mtaa. Watu walituma. Mtu huyo ni ndugu wa damu wa wale matapeli wanaotuandikia "ile hela tuma kwenye namba hii", ila huyu alikuwa na sanda mkononi. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Sitaki kumpeleka mweka hazina wetu mahakamani, ni shemeji yangu, lakini sioni kwa nini taarifa ambayo ofisi inakatazwa kuitawanya, sisi tuitawanye kwa watu elfu moja huku tunasoma Fatiha.

Ninachopendekeza si kufunga grupu. Grupu libaki kwa habari: nani kafariki, maziko saa ngapi, gari linatoka wapi. Aliyetuma ubani ajibiwe yeye mwenyewe, kwa jina lake, kwamba umefika na wafiwa wanashukuru. Kwenye grupu ibandikwe jumla peke yake, na jumla hiyo iandamane na matumizi. Ahadi zisiandikwe kabisa, msiba si harusi. Daftari lenye majina apewe mfiwa, kama zamani, kwa sababu yeye ndiye anayelihitaji. Na ukurasa wa nyuma wa daftari hilo waandikwe waliochimba, waliochota, waliopika na waliolala na wafiwa. Kuhusu mpishi wa kukodi sina nguvu ya kumkataza mtu, ila wafiwa waulizwe kwanza kama wanamtaka, kwani mara nyingi ni kamati inayomtaka.

Kwa kampuni za simu nina ombi dogo. Vikundi vya kuweka na kukopa vilikuwapo zamani sana, nazo zikaja kutuundia huduma zake, kama M-Koba. Vyama vya kuzikana navyo vipo kila mtaa. Mkituundia chochote, tafadhali kiweze kupokea ubani bila kumwonyesha kila mwanachama kiasi alichotoa mwenzake. Msituletee kipya chenye alama za kijani.

Jambo hili nimeliweka kwenye ajenda ya mkutano wa chama, Ijumaa baada ya swala. Mweka hazina amekwisha kuninunia. Wanachama wawili, wote wa juu kwenye orodha, wameandika grupuni kwamba orodha ikiondolewa watalefti. Nimewajibu kwamba walefti tu, nyumbani kwangu wanapajua, ubani wao nitaupokea mkononi na nitauandika kwenye daftari.

Mtumishi mstaafu wa posta,
Muheza, Tanga